Maboga yanachanua bila kuzaa

Mama wa Ruashi, Lubumbashi, umesema maboga yanachanua sana, vijiboga vinanyauka, na udongo ni mwekundu, mgumu kama tofali. Mara nyingi hapo nyuki ndio wanakosekana. Ili kuwavuta, mimi nilipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, kandokando ya bustani mvua za mwezi wa 11 zilipoanza. Maua yake ni ya njano. Nyuki weusi wakubwa wakitua, tawi linainama. Marejea ikianza kufunga maganda, ikate uilaze juu ya udongo. Mizizi usiing'oe, vinundu vyake vina naitrojeni, chakula cha mimea. Mbegu zake ni sumu kwa mifugo, chunga sana! Kwa sasa, chuma ua dume la boga asubuhi, uligusishe katikati ya ua jike, lile lenye kijiboga chini yake. Usipulize dawa saa hizo. Majani yakiwa na madoa, muite agronomu, mtaalamu wa kilimo.