Nyepesi Kama Unyoya: Maswali Yenu Kuhusu Santuri ya Return to Forever

Mwezi uliopita niliigusa santuri hii kwa aya moja, nikidhani itapita kimyakimya. Kumbe nimechokoza nyuki. Kwa wasioijua: Light as a Feather ni kazi ya Return to Forever, bendi ya mpiga kinanda Chick Corea. Ilirekodiwa London Oktoba 1972, ikatolewa na lebo ya Polydor mwaka 1973. Wapigaji ni watano: Corea kwenye kinanda cha umeme, Stanley Clarke kwenye besi, Joe Farrell kwenye filimbi na saksafoni, halafu mtu na mkewe kutoka Brazil, Airto Moreira kwenye dramu na Flora Purim akiimba. Nyimbo ni sita, dakika 43 hivi. Haya, maswali.

*Shikamoo. Mnaiita jazi yenye ladha ya Kibrazili, lakini nimeisikiliza mara tatu naambulia Kiingereza tu. Hiyo Brazil iko wapi? (Msomaji, Tanga)*

Marahaba. Iko mguuni.

Sikutanii. Nyimbo karibu zote alizitunga Corea, Mmarekani mzaliwa wa Massachusetts mwenye asili ya Italia. Maneno ni ya Kiingereza kweli. Ukitafuta Brazil kwenye mashairi utarudi mikono mitupu. Weka wimbo wa Captain Marvel, halafu usisikilize kinanda wala filimbi, sikiliza dramu kubwa ya chini, ile inayopigwa kwa mguu wa kulia. Samba huhesabiwa mbili mbili, na uzito wake unaangukia ya pili. Kwenye karnivali ya Rio kazi ya kuutia uzito huo hufanywa na surdo, magoma makubwa yanayovaliwa mabegani. Airto hana magoma hayo studio. Ana mguu mmoja tu, nao unasema *dum… du-dum… du-dum*, noti mbili zimebanana kisha pengo, noti mbili kisha pengo, mwanzo wa wimbo hadi mwisho, haukazi wala haulegei. Juu yake mikono inachezacheza kwenye sahani na dramu ndogo, kila duru tofauti kidogo na iliyopita.

Sasa jaribu kumwondoa kichwani mwako, uweke mpigaji wa jazi wa kawaida anayetembeza sahani ya shaba *ting-tinga-ting*. Utunzi ni uleule, lakini Brazil yote imetoweka. Kuna ushahidi wa karibu: Machi 1972, miezi saba kabla ya London, Corea, Clarke na Airto waliurekodi wimbo huohuo na mpiga saksafoni Stan Getz, ila aliyekaa kwenye dramu alikuwa Tony Williams, na Airto akabaki na ala ndogo ndogo za pembeni. Williams ni bingwa, sina ugomvi naye. Anapiga kama mtu anayetaka kuvunja mlango, na inapendeza. Lakini kwa Airto mlango uko wazi tangu mwanzo.

*Kwa nini wimbo wa Spain unaanza na kitu kingine kabisa, kama mazishi, halafu ghafla kunakuwa na harusi? (Msomaji, Mombasa)*

Umeuliza vizuri, na hiyo ya mazishi na harusi nitaiiba siku moja.

Ule mwanzo wa polepole si wa Corea. Ni sehemu ya pili ya Concierto de Aranjuez, utunzi wa gitaa na okestra wa Mhispania Joaquín Rodrigo, aliyeutunga mwaka 1939. Rodrigo alipoteza kuona akiwa na umri wa miaka mitatu. Miles Davis alikwisha kuipiga sehemu hiyo kwa tarumbeta kwenye Sketches of Spain ya mwaka 1960, na Corea naye alikuja kuwa mpiga kinanda wa Miles mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwa hiyo wimbo huo ulishazunguka nyumba hiyo hiyo kabla haujafika kwake.

Anachofanya Corea ni kuuchukua ule uchungu, kuuacha utulie bila mapigo yoyote, halafu kujibu kwa wimbo wake mwenyewe. Na hapo ndipo penye raha: jina ni Hispania, utangulizi ni Hispania, lakini dramu zinapoingia zinaingia na samba. Hakuna anayelalamika.

Tega sikio kwenye kile kifungu ambacho kinanda, filimbi na besi wanakimbia noti zilezile kwa pamoja, kwa kasi, na kusimama ghafla, na kukimbia tena, huku makofi yakiingia katikati. Kinarudi kila mmoja anapomaliza zamu yake ya kupiga peke yake. Jaribu kupiga makofi pamoja nao. Nimeona watu wazima, wapigaji wa bendi, wakianza kwa mbwembwe na kukosea mara ya pili. Makofi hayaangukii pale mkono unapotaka kuangukia. Mimi mwenyewe ilinichukua muda ambao sitautaja.

*Mume wangu anasema huu ni muziki wa kwenye lifti ya hoteli. Nimjibu nini? (Mama watatu, Kimara)*

Mwambie ana haki kidogo, maana hoteli nyingi zimeishi kwa kuiga sauti hii: kinanda laini, filimbi, mwanamke anaimba kwa upole. Walichoiga ni rangi ya ukuta. Sasa mchukulie kiti, umwekee 500 Miles High, zaidi ya dakika tisa. Flora anaanza polepole, karibu peke yake na kinanda. Halafu Farrell anashika saksafoni ya tenor na kwenda nayo mbali kabisa, kwa pumzi ya mtu mwenye madai. Nyuma yake Corea hamtandikii godoro. Anamchokoza, anamkatiza, anamrushia maswali. Lifti ikipigiwa hivyo watu wangeshuka ghorofa ya pili watembee.

Asipoafiki, mwache na taarabu yake. Ndoa ni muhimu zaidi.

*Naomba kuuliza bila kuleta ubishi: huyu mama anayeimba, mbona mara nyingine ni kama yuko pembeni ya noti? (Mwalimu wa kwaya, Morogoro)*

Mwalimu, ubishi huo ni wa miaka hamsini, hukuuanzisha wewe. Wapo wanaoipenda santuri nzima isipokuwa sauti ya Flora, na wapo wanaoipenda kwa sababu yake. Ni kweli, kwa sikio la kwaya kuna mahali anafika kwenye noti kwa kuteleza, na kuna mahali anaiacha kabla haijakauka. Lafudhi yake ya Rio nayo inayalainisha maneno ya Kiingereza mpaka mengine yanageuka pumzi tu.

Mimi niko upande wake. Usimsikilize kama mwimbaji aliyewekwa mbele na bendi nyuma. Yeye ni ala ya tano. Kwenye You're Everything mistari aliyopewa inaruka juu na chini kama iliandikwa kwa filimbi, na nadhani ndivyo Corea alivyoifikiria. Mwimbaji mwenye sauti iliyonyooka kama rula angeimba kila noti sawasawa na wimbo ungekauka. Wimbo uliobeba jina la santuri ni wa Clarke, na maneno ni ya Flora mwenyewe. Hapo utamsikia akiwa nyumbani zaidi. Anza na huo, kisha uniambie.

*Kile kinanda ni kipi? Kinalia kama kengele iliyofunikwa kwa blanketi. (Fundi redio, Kisumu)*

Fender Rhodes. Wewe ni fundi kwa hiyo utafurahi: ndani hakuna nyuzi kama za piano. Kuna nyundo inayogonga kijiti chembamba cha chuma, na mbele ya kijiti kuna sumaku na koili, kama ilivyo kwenye gitaa la umeme. Ukigusa polepole unapata kengele. Ukigonga kwa nguvu sauti inapasuka, inakwaruza. Corea anatumia zote mbili ndani ya mstari mmoja. Blanketi ulilolisema lipo, na yeye ndiye anayelivuta na kulirudisha.

*Je, kuna Afrika humu ndani au tunajipendekeza? (Msomaji, Zanzibar)*

Hatujipendekezi. Samba imekuzwa na vizazi vya watu waliopelekwa Brazil kwa minyororo, wengi kutoka Angola na Kongo. Katika karne ya 19 meli zilichukua pia watu wa pwani ya Msumbiji, wakiwemo Wamakua, na kuwashusha Rio. Hao ni jirani zetu wa damu kabisa. Ukimwona Airto jukwaani, mbali na dramu, utamkuta na berimbau, upinde wenye kibuyu ambao ala za ukoo wake bado zinapigwa Angola, na caxixi, kikapu kidogo chenye mbegu ndani ambacho ni binamu wa kayamba letu. Lakini sitaki kuvuta kamba mpaka ikatike: bendi hii ilikuwa ya watu waliokutana Marekani, na jazi ya New York ndiyo lugha waliyozungumza pamoja.

*Nianze na hii au ile nyingine yenye ndege juu ya bahari? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Ile yenye picha ya ndege kwenye jalada inaitwa Return to Forever kama bendi yenyewe. Watu ni walewale watano, ilirekodiwa New York Februari 1972 kwa lebo ya ECM. Ina nafasi nyingi zaidi, ukimya mwingi, na upande wake wa pili wote ni mfululizo mmoja wa dakika 23. Mdogo wangu, anza na ya unyoya. Ile ya ndege ihifadhi kwa usiku ambao umeme umekatika na simu ina chaji.

*Baada ya hapo walikwenda wapi? (Wengi mmeuliza)*

Walitawanyika mapema. Airto na Flora waliondoka. Flora akatoa Butterfly Dreams mwaka 1974, na Clarke na Airto wamo humo, kwa hiyo mkikosa mwendelezo wa santuri hii utafuteni pale. Farrell alifariki mwaka 1986. Corea alibaki na jina la bendi na Clarke, wakaongeza gitaa la umeme na mpiga dramu Lenny White, na mwaka huohuo wa 1973 wakatoa Hymn of the Seventh Galaxy, kitu chenye kelele ambacho ukikitegemea kiwe chepesi kama unyoya kitakutoa kwenye kiti. Spain ilimfuata Corea maisha yake yote. Mwimbaji Al Jarreau aliutilia maneno akauimba mwaka 1980, na Corea mwenyewe aliupangia okestra mwaka 1999. Alifariki Februari 2021.

*Nasikiliza kwenye simu na besi siisikii. (Kijana, Bukoba)*

Huwezi kuisikia. Clarke alikuwa na miaka 21 na hapa anapiga besi kubwa la kusimama, la mbao. Spika ya simu haijui kwamba kitu hicho kipo. Azima visikizio vya masikioni, hata vya bei ndogo, kisha rudi kwenye zamu yake ndani ya Spain.

*Na wewe uliipata wapi? (Msomaji, Arusha)*

Kariakoo, kwenye kaseti ya dakika 60 iliyorekodiwa na jamaa mmoja wa duka ambaye simtaji. Angegeuza kaseti pamoja na santuri mambo yangekuwa sawa, kila upande una dakika 21 hivi. Yeye aliacha mkanda utembee tu. Upande wa kwanza ukameza nyimbo tatu, ukaanza 500 Miles High, na mkanda ukamkatikia wimbo ukiwa unakaribia kwisha. *Klak*. Niliishi na wimbo huo miaka kadhaa nikiamini mwisho wake ni huo. Nilipopata santuri yenyewe nikausikia ukifika mwisho wake halali, na nikakasirika, niliona kama wameuongezea kitu. Mpaka leo tukifika pale mkono wangu unanyanyuka wenyewe kwenda kugeuza kaseti.