Kamba wa Kikerala: nazi tia, tui usitie

Sisi tuliolelewa Unguja, kamba wakiingia jikoni mkono unakwenda wenyewe kwenye nazi: kuna, kamua, tia tui. Ndivyo nilivyofanya hapa Muscat mara ya kwanza nilipojaribu chemmeen ularthiyathu, kamba wakavu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, niliowaonja kwa jirani yangu wa ghorofa ya juu. Kikatoka mchuzi. Mtamu, sikatai, lakini mchuzi. Jirani huyo, Chechi (Wamalayali, yaani watu wa Kerala, humwita hivyo dada mkubwa, nami namwita hivyo hivyo), alionja, akacheka, akasema nimempikia kamba wa kwetu.

Nazi imo, ila hukatwa vipande vyembamba kama kucha. Na kazi yote ya pishi hili ni kukausha.

Chukua nusu kilo ya kamba waliomenywa. Wakiwa wa barafu, waache wayeyuke kabisa kwenye kichujio, uwakaushe kwa kitambaa. Wapake manjano nusu kijiko cha chai, pilipili nyekundu ya Kashmiri vijiko 2 (ina rangi kuliko ukali, usiogope), pilipili manga kijiko 1, tangawizi, thomu na chumvi. Tia vile vipande vya nazi na vipande 2 vya kudampuli uliyoiroweka. Hili ni tunda lililokaushwa kwa moshi, jeusi utadhani kipande cha ngozi ya kiatu. Maduka ya Wakerala hapa hayakosi. Ukiwa Unguja au Dar, tia ukwaju mzito kijiko 1, au embe mbichi. Kerala kwenyewe kamba hupikwa na embe mbichi. Ule moshi tu ndio utaukosa.

Ongeza maji robo kikombe, bandika. Kamba wakianza kujikunja, watoe pamoja na nazi yao. Maji yaliyobaki usiyamwage.

Sasa karai. Mafuta ya nazi vijiko 3 vya supu, haradali ipasuke, majani ya kari, kisha vitunguu vidogo vyekundu kama 15, umevikata. Hapa ndipo nilipokuwa nikikosea, maana nina haraka na wageni wako sebuleni. Vitunguu vinataka dakika 10 na zaidi, moto wa wastani, mpaka vifanane na mdalasini. Mimina yale maji ya kamba peke yake, ugeuze mpaka yakauke na mafuta yajitenge. Ndipo uwarudishe kamba na nazi, dakika 3 au 4, viungo viwagande. Ukiwarudisha pamoja na maji yao watatokota mpaka wawe mpira. Ngisi ni mbaya zaidi. Nimeshawatupa karai zima.

Chechi huwala kwa wali na dengu. Mimi huficha kidogo, niwale asubuhi kwa chapati, baridi hivyo hivyo, kabla watoto hawajaamka.