Barua kwa mwanangu: hela ya lori

Mwanangu,

Umeniuliza mtu mwenye lori lake, anayeendesha mwenyewe, anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Mwezi si kipimo. Kipimo ni safari, na aliyeshika daftari la gari la baba yako miaka yote ile ni mimi, kwa hiyo nisikilize.

Chukua mzigo wa tani 28, Dar hadi Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa (mpaka wa Zambia na Kongo), kama kilomita 2,000. Gari likiwa na mzigo, lita moja inakwenda kilomita 2. Likiwa tupu, 3. Kwenda lita 1,000, kurudi 670. Dizeli ukiipigia shilingi 2,800, ni karibu milioni 4.7. Tuseme umelipwa milioni 11. Posho, tozo za barabara za Zambia na Kongo, gharama za mpakani na maegesho, weka milioni 2.5. Inabaki 3.8, na hapo hujagusa tairi 22, oili, wala breki zinazoliwa na mteremko wa Kitonga. Tenga 1.2 kila safari, hata kama hakuna kilichoharibika. Mkononi una milioni 2.6. Foleni ya Kasumbalesa ikiwa fupi, umerudi ndani ya wiki tatu. Ikivuta, wiki tano au sita, na hela ni ileile. Ukipata mzigo wa kurudi, hapo ndipo hesabu inapochangamka.

Mshahara wa dereva utabaki nyumbani, ndiyo, ila usiuite faida. Huo ni ujira wa usingizi wako.

Na hiyo 2.6 bado si yako. Mwenye mzigo anatanguliza kama asilimia 70. Iliyobaki hutoka karatasi ya kupokelea mzigo ikirudi. Unaikumbuka safari ya vigae, ulipokuwa darasa la sita ukarudishwa nyumbani kwa ada? Baba yako alirudi na karatasi yenye saini bila muhuri. Dalali akaishikilia hela yetu miezi minne. Karatasi ile ninayo mpaka leo ndani ya daftari: saini ya wino wa buluu, na pembeni yake, pa muhuri, peupe kabisa. Vigae vilifika vyote, hakikuvunjika hata kimoja. Bado inaniuma. Ndiyo maana nasema kila siku: hela ya gari si yako mpaka karatasi irudi na muhuri.

Halafu nainua macho naona mabati haya. Yote ni ya lori lile, na chuo cha dada yako pia. Basi siwezi kusema halilipi. Lakini sisi tulinunua kwa taslimu. Wewe unataka mkopo, na benki inataka rejesho lake kila mwezi, gari liwe njiani au kwenye foleni. Wiki sita bila kurudi, utalipa na nini?

Ulimi unaniwasha kusema. Acha ninyamaze, amueni wewe na mkeo.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, nipigie picha ubavu wa kila tairi la hilo gari, pale penye namba nne zilizozungushiwa. Mbili za kwanza ni wiki tairi lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka: 1816 ni wiki ya 18 ya 2016. Zote 22, na za spea.

Mama yako