Jirani amejenga ghorofa

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Limuru kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Jirani amejenga ghorofa, na dirisha lake la juu linaangalia moja kwa moja pale ninapoanika nguo. Nataka miti isiyopukutisha majani. Muuza miche wa kando ya barabara ananishauri nipande misaiprasi, niiache mpaka ifikie dirisha, kisha ndipo niikate. Nimsikilize?
– Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Msaiprasi ni mti mzuri kwa baridi ya huko kwenu, lakini hilo la kuuacha kwanza usilikubali. Nenda kwenye ua wowote wa misaiprasi uupanue kwa mikono: nje ni kijani, shubiri moja ndani ni vijiti vya kahawia vitupu. Ukikata ukafika kwenye ule ukahawia, hapachipui tena. Mimi niliacha safu ya miti 20 kwa miaka minne, nikaja na panga kupunguza upande wa njia. Pale palibaki wazi kama mlango, nikaishia kuing'oa yote.

Kwa hiyo kata mapema. Mche ukifika kiunoni, ondoa ncha, hata kama roho inakuuma. Kila msimu wa mvua punguza ubavuni kidogo kidogo, na chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike hadi kwenye shina. Ua huzibwa na makasi, si miaka.

Kabla ya kununua chochote, simama kwenye kamba yako ya nguo, mtoto mmoja asimame na ufito mita mbili mbele yako, kuelekea dirishani. Ainue ufito hadi ncha yake ilizibe dirisha. Utashangaa kuona ni mfupi, kwa sababu mti ulio karibu nawe hukuficha mapema kuliko ulio mpakani. Huenda safu fupi ya misaiprasi hapo ikatosha, kila mche sentimita 60 kutoka kwa mwenzake.

Mpakani ningepanda kaiyaba. Ina miiba mirefu kama kidole, basi iwe mbali na watoto na nguo, lakini haipiti mbwa wala mwizi, hustahimili kiangazi, na hata ukiikata vibaya huchipua. Pia si busara kutegemea aina moja: vidukari vya msaiprasi, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, vilipoonekana Kenya mwaka 1990, nyua nyingi zilikauka. Panda mita moja ndani ya mpaka, upate pa kusimama wakati wa kukata bila kuingia kwa jirani.

Mche chagua mfupi wenye shina nene. Ule mrefu umezeekea kwenye mfuko. Chana mfuko wote, utazame chini: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba ya ndoo, ikate kwa wembe, la sivyo itaendelea kujisonga hivyo hivyo ardhini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, tandaza nyasi kavu bila kugusa shina.

Mvua ndefu huanza Machi. Mashimo yachimbwe sasa, na kipimo cha ule ufito uniandikie, tuhesabu pamoja idadi ya miche.