Anti, mwanangu wa miaka 15 anarudi kutoka mwaloni ananuka pombe

SWALI: Shikamoo Anti. Naishi Igogo hapa Mwanza, nina watoto wanne. Huyu wa pili ana miaka 15 yuko form two, likizo ya mwezi wa sita alianza kwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kubeba dagaa nikasema poa atapata hela ya madaftari. Shule zimefunguliwa ila wikiendi bado anaenda, anarudi macho mekundu, juzi katapika mpaka nikaogopa. Baba yake akamchapa mkanda, ndo kwanza akaenda kulala hukohuko siku mbili. Shemeji yangu anasema nimwache, eti ndo kukua, wanaume wa ziwani wote wamepitia humo. Nifanyeje?
Mama wa Igogo

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Shemeji yako simuungi mkono hata kidogo. Ubongo wa binadamu unaendelea kujijenga mpaka kwenye miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kujizuia na kupima hatari, ndo maana kijana akilewa anaruka majini usiku au anapanda mtumbwi huku hajiwezi. Utafiti wa Marekani uliotoka 1997 ulionyesha walioanza pombe kabla ya miaka 15, zaidi ya 40 kati ya 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe, wakati waliosubiri mpaka 21 walikuwa kama 10 tu.

Sasa angalia anapoipatia. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapaki, watu wana hela mfukoni na hawana kazi, basi ni muziki na chupa mpaka asubuhi, na mtoto aliyebeba ndoo pamoja nao anakaa pamoja nao. Analipwa keshi mkononi kama mtu mzima, na ile glasi ya kwanza mara nyingi hainunui, anapewa. Viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini pombe kali za chupa ndogo zipo na bei yake mtoto anaimudu. Wengine wanachanganya na enaji, anajiona yuko fiti kumbe kalewa vilevile, anaongeza. Gongo ndo inanitisha zaidi, hakuna anayejua kilichomo, ikiwa na methanoli inapofusha macho au inaua kabisa.

Mwambie baba yake mkanda auache, maana umempeleka kulala kwa haohao wanaompa. Ongeeni naye asubuhi kichwa kikiwa kimetulia, muulize anakunywa na nani na huko anapata nini ambacho nyumbani hakipati, halafu umsikilize kweli, inawezekana shule imemshinda na anaona aibu kusema. Na nyumbani kwenu jamani, nani anamtuma dukani kufuata bia? Hilo likome leo.

Kisha nendeni wote wawili kwa tajiri wa mtumbwi, mwambieni huyu ni mwanafunzi, kazi basi. Anayemuuzia naye mkumbusheni Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Wakikaza shingo nenda kwa mtendaji wa mtaa au ustawi wa jamii, au piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto na ni bure.

Akirudi kalewa tena usimmwagie maji wala kumpa kahawa, mlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi na usimwache peke yake. Ukimwamsha haamki, anapumua kwa kusuasua au mwili umekuwa wa baridi, ni hospitali muda huohuo, usisubiri kukuche. Na ukiona asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe, usimfungie ndani eti aache kwa nguvu, kuacha ghafla kwa aliyefika hapo kunaweza kuleta degedege hata kifo, mpeleke kwa daktari mueleze kila kitu bila kuficha.