Matembezi ya Unguja na watoto: uliza maji kwanza

Kaka uliyeanzisha uzi huu, umesema mnakuja Unguja siku tano mwezi wa Desemba: wewe, mkeo, watoto wa miaka 11, 7 na 3, pamoja na mama mkwe ambaye goti linamsumbua, na hamtaki kushinda hotelini. Waliotangulia kukujibu wamekupangia kisiwa cha Changuu asubuhi, msitu wa Jozani mchana na ufukwe wa Nungwi jioni, yote siku moja. Vijana wanaosafiri peke yao wataimudu ratiba hiyo. Kwa familia yako sikushauri. Huyo wa miaka mitatu atalala garini njia nzima, na mama mkwe atakuwa hoi kabla ya adhuhuri.

Mimi kwetu ni Tanga, nimeolewa Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, na kila shule zikifungwa nyumba yangu hujaa watoto wa kaka na dada zangu. Nimewatembeza kisiwa hiki mpaka nimejua wapi wanafurahi na wapi wanalia. Ushauri wangu ni tembezi moja kwa siku, litoke asubuhi, na kabla ya kuuliza bei ya chochote uliza maji yanapwa saa ngapi.

Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti haizidi sana mita 1. Sasa shika hili, maana wageni wengi hawaambiwi: Unguja siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu inakuwa kinyume, saa nne asubuhi bahari imejaa, alasiri imepwa ila haiendi mbali. Huhitaji programu ya simu kujua. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha: siku moja mbili baada ya mwezi mosi na baada ya tarehe 15 ndipo bamvua inapokolea.

Hili ndilo linaloamua kama watoto wataogelea au hawataogelea. Ukifikia Paje, Bwejuu au Jambiani siku ya bamvua, ukawatoa watoto saa nne wamevaa nguo za kuogelea, utaikuta bahari imekimbilia kwenye mwamba, kilomita moja na zaidi kutoka ufukweni. Nimeona wazazi wakigombana na watu wa hoteli kwa hilo, wakidhani wametapeliwa. Kama kuogelea saa zote ndiyo furaha ya wanao, fikieni Nungwi au Kendwa, kule kaskazini maji hayakimbii hivyo. Lakini ukiniuliza mimi, bahari iliyopwa ndiyo tembezi zuri kuliko yote kisiwani, na halina kiingilio.

Linafanywa hivi. Tokeni saa moja na nusu hivi kabla ya maji kupwa kabisa, myafuate yanavyorudi. Yakigeuka, nanyi mgeuke hapo hapo, hata kama mtoto mkubwa anaomba dakika tano. Maji yakirudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Yanaingia kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe. Mtu mzima yatamfika magotini, lakini mtoto wa miaka mitatu lazima abebwe. Chukueni kijana wa kijijini awaongoze, mpeni chochote mtakachokubaliana. Anajua mikondo ilipo kwa kuiangalia rangi ya maji.

Viatu ni lazima. Yeboyebo za kufunga nyuma au raba kuukuu zinafaa. Kandambili zinachomoka topeni. Kuna viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wanaojibana kwenye mawe, na mwiba wake unavunjikia ndani ya nyayo. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi na kuuacha ulainike, hawauchokonoi.

Mkifika kwenye kidimbwi kilichobaki kati ya mawe, chuchumaeni wote mnyamaze kidogo. Mwanzoni mtoto atakwambia hakuna kitu. Baada ya muda konokono aliyedhani amekufa anaanza kutembea, kumbe ndani yake mna kaa. Vijisamaki vinatoka chini ya jiwe. Jongoo bahari yuko pale pale siku zote, mlimdhani ni kipande cha gogo. Mpwa wangu aliwahi kumwona kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, aliyepinduliwa na wimbi akijigeuza: anakunja ncha ya mkono mmoja chini ya mwili, anashika mchanga kwa vijiguu vyake vidogo, kisha wa pili, halafu mwili wote unapinduka polepole. Tulikaa tukimtazama mpaka akamaliza. Tafadhali msimtoe majini kwa ajili ya picha. Utaona watu wengi wakifanya hivyo, hata waongozaji, lakini kiumbe yule anapumua ndani ya maji na jua la huku ni kali. Mtoto akikatazwa mara moja kwa maelezo anaelewa, na baadaye atawakataza wakubwa.

Mkielekea nje mtapita kwenye mashamba ya mwani: vijiti vilivyochomekwa mchangani, kamba zimefungwa kati yake, na akina mama wameinama wakifunga miche. Piteni pembeni, msikanyage wala kuruka kamba. Salimieni kwanza, picha muombe baadaye, na mkikataliwa msinung'unike, wale wako kazini na wana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Mama mkwe asilazimishwe kuja huko kwa goti lake. Atafutiwe kivuli na dafu ufukweni, au mpelekeni kwenye vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani pale Paje na Jambiani. Mama yangu mzazi alipokuja alikaa nao asubuhi nzima, tukawa sisi ndio tunamsubiri.

Jozani nendeni, na nendeni mapema. Ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, iko njiani ukitoka mjini kuja huku kusini mashariki, kiasi cha kilomita 35. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu mwenyeji hatozwi sawa na mgeni wa nje. Watakaowafurahisha watoto pale ni kima punju, kima wa mgongo mwekundu ambao asili yao ni Unguja tu. Kwa mama mkwe ni habari njema: kundi lililozoea watu mara nyingi linakuwa upande wa pili wa barabara karibu na geti, kwenye miti ya wazi, kwa hiyo atawaona bila kutembea sana. Wanaruka juu ya vichwa vyenu kana kwamba hampo. Msiwalishe na msiwasogelee, mwongozaji atawaambia umbali. Huyo wa miaka 11 mwambie amuulize mwongozaji habari ya makaa. Kima hawa hula makaa yaliyobaki kwenye matanuri ya mkaa, na watafiti wameeleza kwamba yanawasaidia kuhimili sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu wanayoyala.

Ndani ya msitu kuna mitondoo mikubwa na kivuli kizito, halafu kuna njia ya mbao juu ya mikoko. Njia ile ni nyembamba, mtoto mdogo ashikwe mkono. Ikiwa maji yamepwa mtaona mizizi yote na kaa wekundu wanaingia mashimoni. Viatu vya kufunika miguu, na dawa ya mbu.

Changuu nayo ni nzuri kwa watoto, tatizo ni boti. Kobe wakubwa wa pale walianza na wanne walioletwa mwaka 1919 na gavana wa Ushelisheli, wa jamii ya Aldabra, na mgongoni wameandikwa umri kwa rangi. Mtoto anampa jani kobe aliyezaliwa kabla ya babu wa babu yake. Wanapenda kukunwa shingo, watanyoosha kichwa mpaka mtashangaa. Kumkalia mgongoni hapana, hata kwa picha moja. Jengo la jela lilijengwa mwaka 1893 lakini halikupata kufunga mtu, likatumika kuwaweka karantini wasafiri wa melini kwa kuogopa homa ya manjano. Hadithi hiyo wakubwa wataipenda, mdogo atataka kurudi kwa kobe.

Sasa boti. Pale pwani ya Forodhani papasi, yaani madalali wa watalii, watawazonga kila mmoja na bei yake. Kwa watu sita, kodini boti nzima, msikubali bei ya kichwa. Kabla ya kutaja pesa, omba kuona jaketi okozi za watoto. Nyingi zilizomo ni za watu wazima. Mvishe mwanao, funga mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likipita masikio, akianguka majini litamtoka, kwa hiyo hilo halimfai. Niliwahi kuambiwa na nahodha mmoja "bahari shwari dada, halitahitajika", nikashuka na watoto wote tukaenda kula urojo. Ukiweza, nunua jaketi la mdogo huko huko bara uje nalo. Angalia pia kama boti ina turubai la kivuli na kama kuna ngazi ya kupandia, maana mara nyingi mtapandia majini na goti la mama mkwe halitaweza kuruka ukingo.

Wengi huunganisha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda. Fungu lile linafunikwa maji yakijaa, kwa hiyo hapa tena uliza maji. Siku za bamvua tokeni saa mbili asubuhi, anzieni funguni likiwa wazi, kisha mchana muwe Changuu chini ya miti. Nakupenda hakuna hata mti mmoja. Mwavuli, fulana za mikono mirefu, maji ya kunywa ya kutosha, na kwa huyo wa miaka mitatu saa moja inamtosha. Desemba kaskazi imeanza kushika, alasiri bahari inachafuka kuliko asubuhi, hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi, nitasema ninavyoamini. Kuwaona pomboo wakiibuka wenyewe ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini asubuhi nyingi msimu wa wageni boti zinakuwa nyingi, zinawakimbiza, watu wanarushwa majini mbele yao, pomboo wanazama, boti zinawafuata tena. Mtoto wa miaka saba hana la kufanya katika maji yale ya kina na mawimbi. Mkienda, mkubaliane na nahodha tangu ufukweni kwamba mtakaa ndani ya boti na hatawakimbiza. Akikataa, tafuteni mwingine. Msipowaona, kijiji chenyewe kinatosha kwa matembezi: pale Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi. Vaeni vya kujisitiri.

Mashamba ya viungo Kizimbani na Kidichi muweke siku ambayo watoto wamechoka na jua. Kuna kivuli, hakuna haraka, mama mkwe atatembea anavyoweza. Hata sisi tunaopikia viungo kila siku wengi hatujaviona shambani: hiliki inazaa chini kabisa kwenye shina, karibu na udongo, na kungumanga likipasuliwa lina basbasi nyekundu imeizunguka mbegu kama wavu. Watoto watapakwa mzingefuri usoni na kuvikwa mataji ya makuti. Nguo nyeupe ziacheni nyumbani, rangi ile haitoki upesi.

Mambo madogo: Paje alasiri upepo ukishika kuna tiara nyingi za watu wanaoteleza juu ya maji na kamba zake ni hatari, watoto waogelee mbali na pale. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, ukiingia kijijini mtu ajifunge kanga. Gari ya Noah mnaenea wote sita na dereva, nayo ni bora kuliko daladala kwa goti lile, japo watoto wakubwa wapandisheni daladala hata mara moja kutoka Jambiani hadi Paje.

Machweo hayaonekani upande wetu wa mashariki, isipokuwa Michamvi Kae ambako ufukwe unatazama ghuba ya Chwaka. Pelekeni watoto jioni moja, maji yakiwa yamejaa wanaogelea mpaka giza.

Niandikie hapa tarehe mnazoingia na kutoka. Nitaangalia mwezi nikupangie siku ipi iwe ya pwani na ipi ya boti, na kama mnafikia Jambiani nitakuelekeza kwa kijana anayewatembeza watoto wetu mwambani.