Kabla Hujaigusa Rangi ya Sanamu Yako ya Daikasti

Ujumbe wa msomaji mmoja ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Roboti yake ya daikasti, yaani sanamu ya metali iliyoyeyushwa na kusubiwa kwenye kalibu, yenye kifua chekundu, ilikuwa na alama ya kidole. Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta. Alama ikatoka, na wekundu ukatoka nao, ikabaki metali ya kijivu inayong'aa. Anauliza kama kiwanda kilitumia rangi mbovu. Hapana. Rangi ilikuwa nzima, spiriti ndiyo iliyoiyeyusha. Inaniuma kuona ushauri wa "futa kwa spiriti" bado unapokezanwa kati ya wakusanyaji kana kwamba ni matunzo, wakati rangi ya akriliki haina kinga yoyote mbele yake.

Nitasema jambo moja na kulisimamia mpaka mwisho: sanamu iliyo kabatini mara chache hupoteza rangi kwa sababu ya umri. Huipoteza pale kiungo kinaposugua, pale mkono unaposhika, na pale mwenye nayo anapoanza kuisafisha au kuitengeneza bila kujua chini ya rangi kuna nini. Kwa hiyo tuanze na hicho cha chini.

Metali inayosubiwa kwa sanamu hizi ni aloi ya zinki, inayojulikana kama Zamak: zinki kwa sehemu kubwa, alumini karibu asilimia 4, na chembe ndogo sana ya magnesi. Huyeyuka kwenye nyuzi kama 385 za Selsiasi, ikasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya feleji ngumu, ikatoka na uso laini sana. Uso huo ni mzuri kwa macho na mgumu kwa rangi, kwa sababu hauna mikwaruzo midogo ya kuishikilia. Ndiyo maana kiwandani metali huoshwa, hutiwa dawa ya kuiandaa au praima, kisha ndipo hupuliziwa rangi. Praima ikikosewa, rangi hubanduka kwa vipande vikubwa hata bila kugongwa.

Zinki ina ubaya mwingine ambao wengi hawaujui. Haipatani na rangi za mafuta. Asidi za mafuta yaliyo ndani ya rangi hizo hukutana na zinki zikatengeneza tabaka jembamba la sabuni kati ya metali na rangi. Mwanzoni kila kitu huonekana sawa. Miezi inapita, kisha kiraka ulichopaka kinainuka chote kama ganda. Mtu analaumu brashi, analaumu hali ya hewa, kumbe kosa lilikuwa kupaka rangi ya mafuta juu ya zinki tupu.

Na kingo je? Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo kali na kukusanyika kwenye sehemu bapa. Hivyo pembe ya bega, ncha ya pembe ya kichwani na mdomo wa paneli ndipo rangi ilipo nyembamba kuliko pote, na ndipo panapogongwa kwanza. Usishangae ukiona metali inachungulia hapo wakati kifua bado kinang'aa.

Anza na viungo

Kampuni ya Kijapani ya Popy ilipotoa Chogokin, familia yake ya roboti za metali, kwa kuanza na Mazinger Z, roboti wa katuni, mwaka 1974, sanamu hizi zilikuwa na viungo vichache. Kampuni ya Bandai ilipoifufua familia hiyo kwa jina la Soul of Chogokin mwaka 1997, viungo viliongezeka, na tangu hapo zimezidi kuwa na paneli zinazoteleza, magoti yenye rachi (meno yanayokishika kiungo hatua kwa hatua) na mabega yanayofunguka. Kila kiungo kipya ni mahali pengine pa msuguano, na hapo ndipo ninapotaka uweke nguvu zako.

Kabla ya kukunja kiungo chochote chenye paneli mbili zilizopakwa rangi, chukua ukanda wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, upana wa sentimita 1 hivi. Unene wake ni takriban milimita 0.1. Upenyeze kati ya paneli, kisha uzungushe kiungo polepole. Karatasi ikiteleza bila kung'ang'ania, nafasi inatosha. Ikibanwa mahali fulani, paneli zinagusana hapo, na tabaka la rangi, ambalo kwa kawaida ni jembamba kuliko hiyo karatasi, litaliwa kila unapobadilisha mkao. Katika kiungo cha namna hiyo, weka ukanda mwembamba wa plastiki laini ya mfuko kila unapokizungusha, au kiache katika mkao mmoja. Hakuna aibu kuiacha sanamu isimame tu.

Paneli zikibanana sana, tazama skrubu. Mara nyingi kiungo kimekazwa kupita kiasi, na kuilegeza skrubu robo mzunguko kunatosha. Tumia bisibisi inayojaa kichwa cha skrubu sawasawa. Ikiwa ndogo itateleza, na mkwaruzo wa bisibisi iliyoteleza ni mrefu kuliko wowote ambao kiungo kingeuleta. Bandika selotepu ya karatasi kuzunguka tundu la skrubu kabla ya kuanza, na uibandue siku hiyohiyo, ukiivuta kwa kuilaza karibu na uso badala ya kuivuta wima.

Kiungo kikavu kinacholia kinahitaji grisi ya silikoni, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kwa ncha ya kijiti cha meno, ndani ya kiungo tu. Tafadhali usipulize mafuta ya kulegezea kutu. Mafuta hayo, yatokanayo na petroli, hupenya kwenye plastiki iliyo chini ya mkazo, na sanamu karibu zote za siku hizi huchanganya metali na plastiki. Pini ya metali iliyobana ndani ya tundu la plastiki, ikipata mafuta hayo, hupasua plastiki siku ambayo hukutarajia. Sehemu zinazopenya mwanga ndizo dhaifu zaidi.

Namna ya kushika nayo ina kanuni yake. Shika kiwiliwili, kamwe usiinue kwa mkono au bawa, kwa sababu uzito wa metali huning'inia kwenye kiungo na kukisagia rangi yake. Jasho lina chumvi na asidi, hivyo alama ya kidole iliyoachwa mwaka mzima si uchafu tena, inakuwa doa. Glovu za naitrili ni bora kuliko za pamba, kwani nyuzi za pamba hunasa kwenye pembe kali na kung'oa ncha zilizokwisha kuinuka. Kama huna glovu, osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Pete na saa, vua.

Kusafisha bila kuua

Brashi laini kwanza, ile pana ya vipodozi isiyowahi kutumika. Piga vumbi kutoka juu kwenda chini. Usianze na kitambaa, maana vumbi lina chembe ngumu, na kitambaa kikizisukuma juu ya rangi inayong'aa huacha miduara ya mikwaruzo inayoonekana taa ikiwashwa.

Baada ya vumbi kwisha, nusu lita ya maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kikamue mpaka kisidondoke, futa eneo dogo kwa wakati mmoja, kisha pita na kitambaa kingine chenye maji matupu, na cha tatu kikavu. Usiitumbukize sanamu nzima. Skrubu zake ni za chuma na hushika kutu, maji hubaki ndani ya magoti kwa siku kadhaa, na stika huinuka pembeni.

Spiriti, thina, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, dawa ya vioo yenye amonia: vyote viache. Sehemu za kromu ziogope mara mbili. Kromu hiyo ni utando mwembamba mno wa alumini juu ya plastiki, umefunikwa na laka, aina ya vanishi inayokauka haraka. Spiriti huondoa laka, na dawa ya kung'arisha nguo au sabuni kali ya magadi hula alumini yenyewe hadi plastiki ikabaki tupu. Ikishatoka, huwezi kuirudisha ukiwa nyumbani. Kromu ni brashi na kitambaa kikavu, basi.

Ukilazimika kupaka

Kwanza jiulize kama kweli unalazimika. Sanamu ya zamani yenye rangi yake ya asili, hata ikiwa na madoa ya kubanduka, mkusanyaji makini huithamini kuliko iliyopakwa upya. Kwa toleo la karibuni ambalo huna nia ya kuliuza, endelea.

Osha eneo kwa maji ya sabuni, acha likauke saa 24. Gusa ukingo wa rangi iliyobanduka kwa ncha ya kijiti cha meno, na kinachoinuka chenyewe kiondoe. Sugua mpaka wa rangi na metali kwa msasa namba 1000 uliolowa, kisha 2000, mpaka kidole kisihisi ngazi. Eneo lisizidi milimita chache kupita doa lenyewe. Hapa, na hapa tu, spiriti ina kazi: pamba ya kijiti iliyolowa kidogo, kwenye metali tupu, bila kugusa rangi inayozunguka.

Praima iwe ya metali, ile iliyotengenezwa kushika zinki na alumini. Praima ya kawaida ya plastiki haitoshi. Paka tabaka moja jembamba siku hiyohiyo uliyosugua, kabla zinki haijaanza kujifunika upya kwa utando wake. Linganisha rangi kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa, na ufanye jaribio mahali pasipoonekana, kama ndani ya paja au chini ya nyayo, kisha subiri likauke ndipo uamue, maana akriliki nyingi hukauka zikiwa na weusi kidogo kuliko zilivyokuwa mbichi.

Kwa doa la milimita 1 tumia kijiti cha meno, siyo brashi. Gusa katikati, acha rangi itambae yenyewe hadi kwenye mpaka. Kwa doa kubwa zaidi, brashi nyembamba na rangi iliyozimuliwa, matabaka mawili au matatu, nusu saa kati yake. Tabaka moja nene hukauka juu, likabaki bichi chini na kukunjamana. Na kumbuka mpangilio: akriliki ya maji inaweza kukaa juu ya laka iliyokauka, lakini laka juu ya akriliki huichemsha na kuikunja. Wengi huharibu kazi ya jioni nzima kwa kupuliza vanishi ya laka kwa wingi mwishoni. Kama ni lazima, pulizia ukungu mwembamba, umbali wa sentimita 25 hivi, mara kadhaa, baada ya rangi kukaa siku 2 au zaidi. Usipulize vanishi juu ya kromu wala ndani ya kiungo.

Gundi ya papo kwa papo usiitumie karibu na rangi. Mvuke wake hutua na kuacha ukungu mweupe usiofutika kirahisi.

Mwanga, unyevu na kabati

Mwanga ni rahisi: jua lisiifikie. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mionzi ya urujuanimno lakini sehemu kubwa bado hupita. Nyekundu na waridi hufifia mapema, na plastiki nyeupe huwa manjano wakati metali nyeupe jirani yake imebaki vilevile, kwa hiyo sanamu moja inakuwa na weupe wa aina mbili. Taa za LED hazina shida kubwa.

Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 unafaa, na kipimo chake cha kidijitali si kitu cha anasa kwa mtu mwenye kabati zima. Hatari kubwa zaidi ni mabadiliko ya ghafla. Sanamu iliyotoka kwenye baridi ikiingia chumba chenye joto, metali hubaki baridi kwa muda mrefu na unyevu wa hewa hujikusanya juu yake kama umande. Iache ndani ya boksi lililofungwa saa kadhaa kabla ya kuifungua.

Kabati jipya la mbao au mbao za kubanwa hutoa mvuke wa asidi, na zinki huuhisi. Liache wazi wiki kadhaa kabla ya kuweka kitu. Povu la kufungashia huoza na kushikamana na rangi, mpira una salfa, na kitambaa cha vinaili laini, hata joho la shujaa mwenyewe, hutoa mafuta yanayolainisha rangi iliyo chini yake mpaka inanata. Kwa kuhifadhi muda mrefu, tishu isiyo na asidi ndiyo ya kuzungushia, kisha mfuko wa polithini usiofungwa kabisa.

Mwisho, jifunze kusoma doa kabla ya kulitibu. Metali safi inayong'aa ni kugongwa au kusuguliwa. Malengelenge yenye unga mweupe chini yake ni unyevu umepenya, na huo unga lazima usuguliwe wote kabla ya praima. Lakini nyufa zinazotambaa kama utando huku kipande kikivimba ni ugonjwa wa zinki yenyewe, unaotokana na uchafu wa risasi, bati au kadmiamu uliobaki kwenye aloi wakati wa kusubu. Pima kipande hicho kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, andika kipimo, rudia baada ya miezi 6. Kikiwa kimeongezeka, usipoteze rangi juu yake. Ugonjwa huu hauambukizi sanamu nyingine, ila kipande kinaweza kuvunjika, kwa hiyo kiondolee mzigo wowote na uilaze sanamu badala ya kuisimamisha.